Neno "si" katika Lugha Zilizozaliwa na Kilatini, na Udhaifu wa Visawe vya Kamusi

Ni desturi ya watunzi wa kamusi ndogo za lugha za Ulaya kulieleza kila neno kwa kisawe kimoja tu cha lugha ya msomaji, kana kwamba maana ni shehena ipakuliwayo chombo hiki na kupakiwa kile bila kupungua. Udhaifu wa desturi hiyo hudhihirika katika maneno mafupi kuliko marefu, na mfano mmoja wapo ni "si".

Asili yake ni maneno mawili ya Kilatini: "sic", yaani hivyo, na "si", yaani ikiwa. Kihispania kiliyahifadhi yote mawili, lakini umbo likawa moja, hata katika maandishi ni alama tu juu ya irabu itofautishayo "sí" ya kukubali na "si" ya sharti. Kiitaliano kina "sì" ya kukubali. Sharti likaachiwa "se", na "si" isiyo na alama ni kiwakilishi cha kujirejea. Kwa Waromania "sic" ile ile imekuwa "și", nayo haikubali wala haikanushi lolote. Ni "na" ya kuunganisha.

Mwanzoni mwa karne ya 14 Dante, katika risala yake De vulgari eloquentia, alilifanya neno la kukubali kuwa kipimo cha kuainishia lugha: "oc", "oïl" na "sì". Uainishaji huo umesifiwa sana. Aghalabu husahauliwa kwamba "oc" aliwapa Wahispania, ilhali Wakastilia nao walikuwa wakisema "sí".

Lakini utata hasa umo katika Kifaransa. Humo "si" ni ikiwa, ni kiasi hicho, na tena ni jibu, ila halijibu kila swali. Swali la kawaida hujibiwa "oui", neno litokanalo na "oïl" na si na "sic". Kazi ya "si" ni kungojea swali au kauli ya kukanusha, kisha kuipindua. Wajerumani hutumia "doch" kwa kazi hiyo, na Waswidi "jo".

Hapo ndipo kisawe "ndiyo" kinapompoteza Mswahili. Mtu akiulizwa, "Hukuwapo?" naye akajibu, "Ndiyo," amekiri kwamba hakuwapo. Mfaransa ajibuye "si" amesema alikuwapo. Mfasiri wa mahakamani aifuataye kamusi kama hiyo atamwondoa shahidi mahali alipokuwa. Tafsiri iliyo sahihi ni "La, nilikuwapo". Yaani neno ambalo kwa Mwitaliano ni ndiyo, kwa Mfaransa hufasirika kwa la.

Kufanana kwa neno hili na "si" ya Kiswahili ni sadfa ya sauti tu, wala hapana udugu. Hata hivyo Mswahili asingestahili kushangaa, kwani kikanushi chake chenyewe hufanya kinyume cha kazi yake katika "Si ulikuwapo?", swali linalotazamia kukubaliwa, na ambalo "ndiyo" hulijibu bila hatari yoyote.

Kamusi itakayomfaa msomaji wa Kiswahili haina budi kuliandika swali pamoja na jibu lake, japo kurasa ziongezeke: kwanza "Huji?", kisha "si", kisha "La, naja".