Namna ya Kuipima Picha ya Ndege

Mtu atakaye kuihukumu picha ya ndege kwa insafu asianze na manyoya, wala rangi, wala ukali wa jicho, maana mambo hayo lenzi njema humpa hata asiye na ustadi. Na aanze na pambizo, azizungukie kingo zote nne, atazame ni kipi kilichobakizwa ndani na ni kipi kilichokatwa, kwa kuwa hapo ndipo akili ya mpiga picha inapodhihirika.

Tutwae mfano wa furukombe wa Ziwa Naivasha, ambaye picha zake zimekuwa nyingi kupita kiasi. Aghalabu utamwona katikati barabara, mabawa yakigusa kingo huku na huku, kila unyoya wahesabika, na hata hivyo picha haina uhai. Kwani ndege arukaye ana mahali aendapo, naye aliyemkatia nafasi ya mbele amemziba njia. Picha iliyo bora humwachia upande wa mdomo uwazi mkubwa kuliko ule wa mkia, tena hubakiza ukanda wa maji chini yake, hata macho ya mtazamaji yakatangulia kufika pale yatakapofika makucha. Na samaki naye achunguzwe: waendesha mashua wa huko wana mazoea ya kupiga mluzi na kumrushia furukombe samaki aliyekwisha kufa, pengine ametiwa kijiti cha mafunjo apate kuelea, na picha iliyokatwa hata ikabaki makucha na samaki peke yake huificha habari hiyo. Siiharamishi picha ya namna hii, walakini daraja yake ni chini ya ile iliyongojewa kwa subira.

Kwa heroe amana ya mwenye kukata huwa nzito zaidi. Heroe wadogo hula mwani wa maji ya magadi, na tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda katika miaka ya 2010, magadi yakazimuliwa, makundi makubwa yalihamia maziwa mengine. Sasa, mtu akiukata ufuko wote hata weupe na uwaridi ukagusa kingo zote nne, mamia machache huonekana kama umati usio na mwisho. Ilhali yule aliyebakiza ukingo wa maji, pamoja na migunga iliyokufa ikisimama ziwani, ametupa ndege na hali ya makazi yao kwa pamoja. Mimi humpa huyu wa pili ushindi bila ya kusita.

Taswira ya heroe majini ama iwe nzima, ama isiwepo kabisa. Miguu ikiwa haina budi kukatwa, ikatwe juu, ijulikane kuwa ilikusudiwa; kukata vidole peke yake ni uzembe. Ama ile kanuni ya kuigawa picha mafungu matatu, yawafaa wanafunzi, wala isimzuie mtu kumweka katikati bundi anayemkabili uso kwa uso.

Iko pia hesabu isiyokwepeka. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000, ikikatwa nusu ya upana na nusu ya urefu, hubakiwa na 3,000 kwa 2,000, yaani robo tu ya pikseli zake, na ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi haipiti inchi 10 kwa upana. Ndiyo maana picha nyingi zinazopendeza kwenye simu hufifia zikitundikwa ukutani, na mjuzi husogea karibu na karatasi kabla ya kusema neno.

Basi, msomaji, ukiitwa kuamua kati ya picha mbili, omba uonyeshwe za asili kabla hazijakatwa, uzilinganishe. Na ukiona kilichotupwa kilieleza habari za ndege kuliko kilichobakizwa, usiipe picha hiyo nafasi ya kwanza, hata kama rangi zake zinakuvutia.