Chipu inayosoma maziwa: inaona nini hasa?

Habari za vihisi vidogo vya mwanga huja na ahadi ileile: elekeza simu kwenye chakula, nayo itakwambia ndani kuna nini. Nimesoma makala ya Kaylee Hakkel, Andrea Fiore na wenzao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, iliyotoka mwaka 2022 kwenye jarida la Nature Communications. Kazi ni nzuri sana. Ila kuhusu ahadi, hebu twende taratibu.

Mwanga wa infraredi ya karibu hatuuoni kwa macho, lakini maji, mafuta na protini huufyonza, kila kimoja kwa namna yake. Maji, kwa mfano, hufyonza sana karibu na nanomita 1450. Spektromita ya maabara huutawanya mwanga huo na kuchora mkunjo mzima wenye mamia ya nukta. Wao wakajiuliza: mkunjo wote wa nini? Alama zenyewe ni pana na zinapandana, kwa hiyo nukta nyingi zinarudia habari ileile. Basi wakatengeneza chipu yenye vigunduzi 16 tu, kila kimoja kikipokea mchanganyiko wake wa mawimbi kati ya nanomita 850 na 1700. Namba hizo 16 zinaingia moja kwa moja kwenye modeli ya takwimu, na upande wa pili unapata kiwango cha mafuta kwenye maziwa, au aina ya plastiki.

Hapo nawavulia kofia. Kumbuka SCiO, kifaa cha mfukoni kilichochangiwa zaidi ya dola milioni 2 mtandaoni mwaka 2014. Kilisoma takriban nanomita 740 hadi 1070, eneo ambalo silikoni inaliweza, lakini alama za maji na mafuta huko ni hafifu. Eindhoven wametumia semikondakta ya indiamu, galiamu na aseniki, wakafika kwenye alama nzito.

Ninapotofautiana nao ni kwenye hitimisho, kwamba njia imefunguka kwa vihisi vidogo, nafuu na rahisi, vya viwandani na vya mlaji wa kawaida. Kiwandani sawa: bidhaa moja, modeli moja, na fundi wa kuikagua. Kwa mlaji, ugumu haujaondoka. Umehama tu, umetoka kwenye vioo ukaingia kwenye data. Chipu inapima mwanga; mafuta yanakadiriwa na modeli, nayo imefundishwa kwa sampuli ambazo mafuta yake yalishapimwa kwa njia nyingine. Modeli iliyozoea maziwa ya pakiti, ambayo matone ya mafuta yamevunjwavunjwa kiwandani, usiipe maziwa mabichi ya mbuzi ukaamini jibu. Matone ya ukubwa tofauti hutawanya mwanga tofauti. Chipu zikitengenezwa kwa wingi bei inashuka. Kazi ya kukusanya na kupima sampuli za kila eneo haishuki hivyo.

Kwetu hili si jambo la vitabuni. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, ile sumukuvu, yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ukiambiwa kifaa cha mfukoni kinaiona sumu hiyo, piga hesabu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Gunia la kilo 90, hiyo ni chini ya miligramu 1 kwa gunia zima! Infraredi ya karibu ni hodari kwa vitu vinavyohesabiwa kwa asilimia. Inachoweza kuona ni dalili za ukungu kwenye punje, na punje isiyo na dalili inaweza kuwa na sumu vilevile.

Unyevu wa mahindi hayohayo ni habari nyingine. Huo unahesabiwa kwa asilimia, alama yake kubwa iko ndani ya eneo la chipu hii, na mahindi yaliyokaushwa hadi asilimia 13.5 hayaupi ukungu nafasi ya kukua. Kama ningekuwa na pesa ya mradi mmoja tu, ningeanzia hapo.