Reli Inapita Kibera, Mbona Wanaunda Matatu?

Reli ndiyo iliyoizaa Nairobi mwaka 1899, na njia yake ya kuelekea Kisumu leo inapasua Kibera katikati. Wachuuzi hutandaza mitumba hadi ukingoni mwa mataruma. Honi ikilia wanakunja, treni ikipita wanatandaza tena. Juu yao ndege ndogo za Uwanja wa Wilson hupita chini kiasi cha kusomeka namba. Mtoto wa Laini Saba au Lindi anakua na treni mlangoni na ndege kichwani. Lakini mpe boksi, wembe na gundi, na mara nyingi sana kitakachotoka mikononi mwake ni matatu. Vuka Barabara ya Ngong uingie Kawangware, Gatina au Kabiro, mambo ni yale yale.

Maelezo yanayotolewa upesi ni kwamba vijana wanaipenda matatu. Ni kweli, na wana sababu ya kuipenda. Gari hilo lilipewa jina na abiria wenyewe, kutokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu ya senti kumi kumi, na ndilo linalowapeleka wazazi wao kazini. Lakini mapenzi peke yake hayatoshi kueleza. Watoto hao hao wanaipenda Prado, wanampenda rubani, na bado Prado za boksi ni chache na ndege ni chache zaidi. Anayeunda vigari hivi huchagua kwa hesabu, hata kama hesabu yenyewe haiandikwi popote, na hesabu hiyo huanzia kwenye gurudumu.

Bodi unaweza kuikata kwa ukubwa wowote. Gurudumu si rahisi, kwa sababu kulikata duara safi, manne au sita yanayolingana, ni kazi ngumu kuliko zote. Kwa hiyo mara nyingi huokotwa likiwa duara tayari, na likishaokotwa, ukubwa wa gari umeshaamuliwa. Chukua kizibo cha plastiki cha chupa ya soda. Upana wake ni karibu sentimita 3. Tairi la Isuzu NQR, gari ambalo nganya nyingi, yaani matatu zilizorembwa, za abiria 33 hujengwa juu yake, lina kimo cha karibu sentimita 80. Gawanya: unapata moja kwa 27, yaani kila sentimita ya kigari ni sentimita 27 za barabarani. Basi la mita 8 litatoka na urefu wa sentimita 30 hivi.

Sasa chukua kizibo hicho hicho ukiundie Nissan, jina tunaloyaita matatu yote ya abiria 14 hata yakiwa Toyota. Tairi lake ni dogo, karibu sentimita 65, kwa hiyo kipimo kinahama na kuwa moja kwa 22, na gari la mita 4.7 linatoka na sentimita 21 au 22. Liweke kando ya ile nganya ya sentimita 30 na macho yanakataa mara moja, maana Nissan inaonekana nene kupita kiasi. Ingetakiwa isizidi sentimita 17 na nusu. Anayeanza hugundua kosa hili baada ya kumaliza gari la pili. Fundi aliyekomaa huamua mapema kwamba vizibo ni vya mabasi, na Nissan hutafutiwa gurudumu dogo zaidi au huachwa kabisa. Huo tayari ni uchaguzi wa kipi kiundwe, na hauna uhusiano wowote na gari gani linapendwa.

Kizibo kina kasoro nyingine. Kina unene wa karibu sentimita 1.5, na ukizidisha kwa 27 unapata tairi la upana wa sentimita 40, upana wa pipa. Kwa nyuma inakubalika, kwa kuwa NQR ina matairi mawili mawili kwenye ekseli ya nyuma na kizibo kimoja kinasimama badala ya mawili. Kwa mbele hakikubaliki, lazima kipunguzwe kwa wembe.

Hapo ndipo patipati, kandambili ya raba, inapoingia, na hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Soli ya patipati iliyochakaa ina unene wa sentimita 1 na nusu. Ukikata duara la sentimita 5 kwa kufuata mdomo wa kitu cha mviringo, kipimo chako kinakuwa moja kwa 16. Zidisha ule unene kwa 16: upana wa tairi ni sentimita 24. Tairi halisi lina 22 au 23. Yaani raba iliyotupwa jalalani inatoa kimo na upana sahihi kwa pamoja, bila kupunguzwa popote, na rangi nyeusi ukiipata ni bahati ya ziada.

Na boksi linaafiki. Kadibodi ya kawaida ya bidhaa, ile yenye mawimbi katikati, ina unene wa milimita 3. Katika kipimo cha kizibo, ukuta huo unakuwa sawa na sentimita 8 za basi la kweli, na madirisha yanaonekana kama ya ngome. Katika kipimo cha patipati unakuwa chini ya sentimita 5, unene ambao mtu aliyewahi kukaa dirishani hawezi kuushangaa. Ndiyo maana wanaotumia vizibo hulazimika kutafuta karatasi nyembamba za boksi za viatu, na wanaotumia patipati hubaki na boksi la kawaida. Malighafi mbili za bure, raba na kadibodi, zinakutana kwenye basi la nusu mita. Ukiona nganya ya ukubwa huo imebebwa kwapani pale Olympic au kwenye steji ya 46, usidhani ukubwa wake umetokea tu.

Umbo nalo lina kauli. Nganya haitoki kiwandani ikiwa nzima. Isuzu East Africa huunganisha chasisi kwenye Barabara ya Mombasa, kisha chasisi hiyo hupelekwa karakana ya bodi, ambako mafundi huchomelea mifupa ya mabomba ya pembe nne na kuivika mabati. Mabati hayo hayakupigwa kwa mashine kubwa za kufinyanga, kwa hiyo ubavu ni bapa, dirisha ni mstatili, na mgongo ni karibu ukuta mtupu. Anayeunda kwa boksi anarudia utaratibu ule ule: magurudumu na sakafu kwanza, mifupa, kisha ngozi. Gari lililojengwa kwa mabamba hujengeka upya kwa mabamba. Prado imefinyangwa, kila upande umebinuka kidogo kuelekea pande mbili kwa wakati mmoja, na kadibodi haibinuki pande mbili. Hujikunja kufuata mawimbi yake tu, basi.

Treni je? Pale Makumbusho ya Reli, Nairobi, limesimama garimoshi la daraja la 59, moja kati ya 34 yaliyojengwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950. Lina magurudumu 28 na urefu unaozidi mita 31. Kwa kipimo cha patipati ni karibu mita 2, na hapo hujaunda behewa hata moja. Injini za dizeli zinazopita Kibera leo ni fupi kuliko hilo, lakini tatizo halijaondoka: treni bila mabehewa si treni, na bila reli haiendi. Matatu inakwenda kwenye vumbi, sakafuni, juu ya ukuta, popote uzi utakapoivuta.

Ndege niliwahi kuijaribu mwenyewe nikiwa mtoto Kawangware. Nilishindwa, na sababu niliielewa nikiwa mtu mzima. Ndege nilizozijua nilikuwa nimeziona tumbo tu. Sikujua mgongo wake ukoje, sikujua mlango uko wapi, sikujua rubani anakaa umbali gani na pua. Matatu nilikuwa nimeiona kwa kila upande, nimekaa ndani yake, nimesimama mlangoni, nimehesabu viti nikiwa nimepakatwa. Hakuna mchoro wa karatasi unaoweza kushindana na maarifa ya aina hiyo.

Na si fundi peke yake anayejua. Kigari kikishawekwa juu ya meza ya muuza mtumba, mahakama iko tayari: makanga, dereva, mwanafunzi, mama mwenye mboga. Watauliza mlango uko upande gani, na uko kushoto, kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto. Watasoma namba ya njia. 46 ni ya Kawangware na 8 ni ya Kibera, na ukikosea hapo hakuna atakayeangalia taa zako. Ukiunda meli ya kivita, nani mtaani Gatwekera atakuambia mzinga umekaa vibaya? Fundi anachagua kitu ambacho mtaa mzima unaweza kukisahihisha, na ndiyo sababu anaboreka haraka.

Huko ughaibuni mambo yalianza upande mwingine. Airfix ya Uingereza ilitoa kifurushi chake cha ndege ya Spitfire mwaka 1953, kikauzwa shilingi mbili katika maduka ya Woolworths, na kizazi kizima cha wavulana wa Kiingereza kikajifunza kuchagua kutoka kwenye orodha ya kampuni. Vifurushi vya ndege vikaja kuzoea kipimo cha moja kwa 72, ambapo inchi moja husimama kwa futi sita, kimo cha mtu. Lakini hata huko malighafi iliwahi kuwa na sauti. Kipimo maarufu cha vifaru, moja kwa 35, kilienea kupitia Tamiya ya Shizuoka, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kilitokana na kifaru cha Panther kilichopewa ukubwa wa kutosha kumeza mota na betri zake. Betri iliamua huko kama patipati inavyoamua huku. Tofauti ni kwamba uamuzi wa Tamiya ulifungwa ndani ya boksi na kuuzwa, na wanunuzi wakaurithi bila kuuliza.

Kwa nganya kifurushi cha namna hiyo hakiwezekani, maana hakuna mbili zinazofanana. Kila moja ina jina lake, sura zake zilizochorwa, rimu zake, mpangilio wake wa taa. Hapo sheria nayo imekuwa ikiamua kazi ya fundi mdogo. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, Nissan iliyokuwa ikibeba abiria 18 ilirudi 14, kidhibiti mwendo kikawekwa cha kilomita 80 kwa saa, na ubavuni ukapita mstari wa manjano. Kuunda matatu ya kanuni hizo ni kazi ya rula na rangi mbili. Michoro iliporuhusiwa tena na Rais Uhuru Kenyatta mwishoni mwa 2014, ikawa kazi ya msanii. Novemba 2018 msako ukarudi na mstari wa manjano nao. Gari lile lile, ugumu tofauti kabisa.

Taa zinastahili neno. Betri ya simu kuukuu ina volti 3.7. Taa ndogo ya buluu au nyeupe hutaka karibu volti 3, kwa hiyo huwaka vizuri kwa msaada mdogo tu wa kipingamizi. Nyekundu hutaka karibu 2 na ikiunganishwa moja kwa moja huungua. Nganya za kweli usiku hung'aa buluu na zambarau. Hapo pia kinachopendwa na kinachowezekana vimekutana, na fundi anayejua kupita Barabara ya Luthuli kununua vipingamizi vya shilingi chache anaweza kuwasha hata taa za breki.

Nina ombi kwa wanaounda, na linatoka Lamu. Mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, lilikuwa chombo cha kawaida mno kwa watu wa visiwa vile. Lilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Leo anayetaka kujua lilikaaje huenda kutazama picha chache za zamani na mitepe midogo iliyochongwa kwa mkono, kama ile iliyo katika Makumbusho ya Lamu. Waliochonga walichagua kitu kilichokuwa cha kila siku.

Nganya haiishi hata muda wa jahazi. Miaka michache Nairobi, kisha inapakwa upya, inabadilishwa jina au inauzwa mji mwingine, na sura yake ya kwanza haionekani tena. Kwa hiyo ukimaliza yako, kabla hujafunga sakafu, igeuze uandike kwa kalamu isiyofutika: jina la gari, namba ya njia, mwezi na mwaka ulioliona, na kipimo ulichotumia. Kama gurudumu ni la patipati, andika 1:16.