Rasilimali au Shehena? Uhakiki wa Istilahi za Faili Tekelezi

Katika tafsiri za maandishi ya kompyuta, neno rasilimali limetwishwa mzigo mkubwa. Hutumika kwa kumbukumbu ya mashine, kwa vitabu vya rejea, na hata kwa picha, orodha za amri na maneno yaliyofumbatwa ndani ya faili tekelezi, yaani faili lenye maagizo ambayo kompyuta huyatenda moja kwa moja. Uhakiki huu unahusu matumizi hayo ya mwisho.

Istilahi hupimwa kwa msomaji wake. Mwalimu au mtumishi wa serikali aliyeko Kibiti analifahamu vema neno rasilimali. Kwake ni mikoko ya delta ya Rufiji, ni samaki na kamba: mali ya asili inayovunwa kwa utaratibu na ambayo hupungua ikitumiwa ovyo. Kwa asili yake ya Kiarabu, neno hilo lilimaanisha mtaji. Maana zote mbili haziwiani na picha iliyomo ndani ya faili. Picha hiyo haivunwi, haizai faida, wala haipungui ijapotumiwa mara elfu. Mwalimu huyo akiagizwa kutafuta rasilimali ndani ya faili tekelezi, atakuwa na haki ya kuuliza: mali gani?

Natuangalie jambo lenyewe linavyotendeka. Katika programu za Windows, vitu hivi hukusanywa katika sehemu moja ya faili na kupangwa kwa ngazi tatu: kwanza aina, kisha jina au namba, mwisho lugha. Orodha ya amri ni aina ya 4, kisanduku cha mazungumzo ni ya 5, jedwali la maneno ni ya 6. Kiswahili nacho kina namba, 1089, iliyosajiliwa kwa jina la Kiswahili cha Kenya. Mfasiri wa Tanzania hana budi kulijua hilo kabla ya kuanza kutafuta.

Utafutaji una hatua tatu, ambazo tafsiri ya neno kwa neno huziita tafuta rasilimali, pakia rasilimali na funga rasilimali. Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi. Katika Windows za biti 16, kama toleo la 3.1 la mwaka 1992, majina hayo yalikuwa na ukweli: kitu kilisomwa kutoka diski, kikawekwa katika kumbukumbu, kisha kikazuiwa kisihamishwe. Katika Windows za biti 32 na zilizofuata, kitu hicho huwa kimekwisha kupewa nafasi katika kumbukumbu pamoja na programu yenyewe. Hatua ya pili haipakii chochote. Ya tatu haifungi chochote, bali hutoa anwani. Waliozitunga amri hizo waliyabakiza majina ya kale ili kulinda uwiano na programu zilizoandikwa kwa ajili ya biti 16. Sisi tunaofasiri leo hatuna sababu hiyo ya kuyatetea.

Mfano bora uko delta kwenyewe. Jahazi lililosheheni boriti za mikoko lina mzigo ngamani tangu liling'oe nanga. Nahodha akilihitaji fungu fulani hapakii upya. Huuliza liko wapi. Mtu wa Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia, atashangaa kuambiwa apakie kilichokwisha kupakiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza shehena kwa kitu kilichofumbatwa, na hatua zake ziwe tafuta shehena, fikia shehena, pata anwani ya shehena. Rasilimali libaki kwa kumbukumbu na nguvu za mashine, ambazo kweli hugawanywa na kupungua. Wapo watakaosema kwamba shehena hushushwa bandarini, ilhali picha haitoki katika faili. Ni kweli. Hata hivyo, neno hili laonyesha mambo mawili yasiyomo katika rasilimali: kwamba kitu kimo ndani ya kingine, na kwamba kimepangwa mahali pake.

Mahali hapo si jambo dogo. Neno lile lile la Kiingereza laweza kuwa Fungua katika orodha ya amri, na Wazi katika maelezo ya hali. Mfasiri asiyejua neno limetoka wapi hubahatisha, na kosa lake humfikia kila mtumiaji. Wasomaji wenye istilahi iliyo bora kuliko shehena wanaombwa kuileta, pamoja na hoja zake.