Uraibu na Burudani: Riwaya ya Wallace Mbele ya Chungu cha Ajon

Riwaya ya David Foster Wallace, Infinite Jest (1996), yenye kurasa zaidi ya 1,000 na tanbihi 388, imejengwa juu ya filamu inayoburudisha mno hata mtazamaji hataki tena kula wala kulala. Mkabala wake ni nyumba ya waraibu huko Boston, ambao huponea katika mikutano yao ya jioni. Wahakiki wameshughulikia mno urefu wake; kwa maoni yetu, kiini chake ni upweke.

Msomaji wa Amagoro ataling'amua hilo upesi. Wateso hunywa ajon katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Ivan Karp, aliyewachunguza Wateso wa Kenya, alieleza mwaka 1980 jinsi kikao hicho kinavyobeba ujirani na shaka zake pamoja. (Tusikipambe, lakini: chungu hakimzuii mtu kulewa.)

Mvutano huohuo umo katika Kiswahili. Uraibu ulikuwa tambuu na tumbaku, takrima ya mgeni. Leo neno hilo limekuwa jina la maradhi. Na burudani, neno lenye asili ya ubaridi, litabebaje kitu kinachoua? Hapo, wala si katika tanbihi, ndipo atakapokwama mfasiri.