Wamekuja Watatu kwa Mshikaki: Moshi ni wa Nani?

Bodaboda ikimshusha mwanafunzi mmoja getini, hesabu ni nyepesi. Ikiwashusha watatu waliopakiwa mshikaki, moshi wa safari ile hugawanywa kwa tatu. Mwenye pikipiki akirudi kijiweni bila abiria, safari ya kurudi nayo ni ya watoto hao.

Hesabu hiyo ina kazi. Vyeti vya majengo rafiki kwa mazingira, kama LEED ya Marekani, hupima pia namna watu wanavyofika kwenye jengo. Ofisini dodoso hutumwa kwa barua pepe; mtoto wa darasa la pili Mbagala hana barua pepe. Hata kanuni zenyewe humruka mahali pengine: katika toleo la nne la LEED, shule inapokokotoa maegesho ya baiskeli, wanafunzi wa darasa la tatu kushuka chini hawahesabiwi.

Kwa baiskeli inaeleweka. Kwa safari nzima, hapana. Watoto hao si wachache: sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, wilaya za Dar es Salaam, na asubuhi barabara za pembezoni hujaa sare za shule.

Dar es Salaam imeshaonyesha njia ya kuwauliza watoto wenyewe. Shirika la Amend, katika SARSAI, mradi wake wa usalama wa barabara zinazozunguka shule, halikutegemea kumbukumbu za polisi peke yake. Katika utafiti uliohusisha shule 18 za msingi, taarifa za majeruhi zilikusanywa kwa watoto na kaya zao, kabla ya kazi na baada yake, na shule zilizotengenezewa barabara zikalinganishwa na ambazo bado. Yaliyojengwa ni ya kawaida: matuta, njia za miguu, vivuko, alama. Majeruhi walipungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mradi ukashinda tuzo ya WRI Ross ya dola 250,000.

Anayepima shule kwa ajili ya cheti aige hapo. Kwanza, asiulize, “Kwa kawaida unakujaje?” Mtoto wa darasa la kwanza hana “kwa kawaida”; ana leo. Aulizwe, “Leo asubuhi umekujaje?”, na mikono iinuliwe macho yakiwa yamefumbwa, asije mmoja akajitajia gari kwa kumwonea haya jirani yake. Pili, safari igawanywe vipande: miguu hadi kituoni, daladala, kisha miguu tena. Fomu yenye kisanduku kimoja itaandika “daladala” na kufuta kipande cha kuvuka barabara, ambacho ndicho cha hatari. Tatu, mchana uulizwe peke yake, kwa kuwa aliyeletwa asubuhi huenda akarudi kwa miguu.

Mtoto anayetembea hatoi moshi wowote, na kila cheti kitampenda. Lakini alama zake zisichukuliwe bure: shule inayojipatia sifa kwa miguu ya watoto iwadai wenye barabara kivuko kwanza, kisha ndiyo itundike cheti ukutani.