Tawasifu Inapogeuka Utendi: Afrika katika Filamu ya Malcolm X

Utangulizi

Tawasifu ni utanzu wenye mgogoro wa kimsingi. Anayesimulia ndiye anayesimuliwa, ila wakati wa kusimulia si wakati wa kutenda. Anayezungumza leo anamhukumu aliyeishi jana. Mgogoro huu huzidi makali pale ambapo msimulizi anabadilisha imani yake kabla ya kalamu kuwekwa chini. Ndivyo ilivyokuwa kwa Malcolm X, aliyezaliwa Omaha, Nebraska, tarehe 19 Mei 1925 na kuuawa jijini New York tarehe 21 Februari 1965. Alipoanza kumsimulia Alex Haley maisha yake mwaka 1963, alikuwa angali mfuasi mtiifu wa Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam. Kazi ilipokaribia kukamilika, uhusiano huo ulikuwa umevunjika. Kitabu kilichapishwa mwaka 1965, msimulizi akiwa kaburini.

Filamu ya Spike Lee, Malcolm X, iliyotolewa mwaka 1992, imejengwa juu ya tawasifu hiyo. Makala haya yanadai kwamba filamu haikuhamisha kisa kutoka kitabuni hadi kwenye skrini tu, bali ilibadilisha utanzu wenyewe: tawasifu iligeuzwa utendi. Mageuzi hayo yana tija ya kisanaa isiyokanika. Hata hivyo, yana gharama, na sehemu kubwa ya gharama hiyo imelipwa na Afrika.

Msuko wa kishujaa

Filamu ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Karibu theluthi ya kwanza inasawiri ujana wa Malcolm katika mitaa ya Boston na Harlem: mavazi ya kujishaua, dansi, kamari na wizi. Kisha kinafuata kifungo, uongofu, uhubiri, utengano na mwalimu wake, hija ya Makka na mauti. Msomaji wa tenzi za Kiswahili hawezi kukosa kuitambua njia hii. Kuna shujaa, kuna jaribio, kuna gereza, na kuna kifo kinachotoka ndani ya nyumba. Fumo Liyongo hakuangushwa na majeshi ya adui bali na mwanawe wa kumzaa. Malcolm wa filamu naye anazingirwa na wale waliomwita ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ili msuko huu ukae sawa, waandishi wa mswada walimbuni mhusika Baines. Katika tawasifu, mageuzi ya Malcolm gerezani yana chemchemi mbili: mfungwa aitwaye Bimbi, aliyemfunza thamani ya maneno na ya kusoma, na nduguze Malcolm waliomwandikia barua kumweleza dini yao mpya. Filamu inazikusanya chemchemi hizi ndani ya Baines, ambaye baadaye anageuka hasidi. Kwa mintarafu ya fani, ubunifu huu una manufaa: mkono uliomwinua shujaa ndio unaomsukuma, na kinaya hicho hakihitaji maelezo. Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, jamaa nzima inafutwa. Aliyeathirika zaidi ni Ella, dada yake wa upande wa baba, aliyempokea Boston na kumpa fedha za kwenda kuhiji. Ella hayumo kabisa katika filamu. Shujaa wa utendi husimama peke yake. Mtu wa tawasifu alisimama kwa kushikwa mkono, na mmojawapo wa mikono iliyomshika zaidi ulikuwa wa mwanamke.

Haki itendeke kwa kutaja kwamba Betty Shabazz, aliyeigizwa na Angela Bassett, si mhusika bapa. Yeye ndiye anayemtaka mumewe afumbue macho kuhusu mienendo ya Elijah Muhammad. Aidha, uigizaji wa Denzel Washington unaokoa mengi ambayo msuko ungeyapoteza. Sauti yake hupungua kasi kadiri uhakika wa mhusika unavyopungua. Mhubiri aliyekuwa na jibu kwa kila swali anakuwa mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Hapo, kwa muda, mgogoro wa tawasifu unarudi.

Afrika iliyoachwa na Afrika iliyoalikwa

Hoja kuu ya makala haya inahusu mwaka wa mwisho. Filamu inamwonyesha Malcolm akiwa Misri na Makka, kisha inamrudisha Marekani akabiliane na kifo. Yaliyoachwa ni mengi. Katika safari hiyo hiyo ya mwaka 1964 alizuru pia Nigeria na Ghana, na huko Ibadan wanafunzi walimpa jina Omowale, yaani mwana aliyerudi nyumbani. Mwezi Julai alisafiri tena, akahudhuria mkutano wa wakuu wa nchi huru za Afrika mjini Cairo kuomba waunge mkono azma yake ya kuishtaki Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa kwa kukiuka haki za binadamu. Hakurejea hadi Novemba. Mwezi Oktoba alikuwa Dar es Salaam, alikoonana na Rais Nyerere na Abdulrahman Mohamed Babu. Kisha Nairobi, alikokutana na vijana wa chama cha SNCC waliokuwa wakipigania haki katika majimbo ya kusini ya Marekani. Mwezi Desemba Babu alihutubia mkutano wa Malcolm huko Harlem, na siku chache baadaye Malcolm aliwaambia wasikilizaji wake kwamba Mississippi ilihitaji Mau Mau.

Hakuna onyesho hata moja la safari hiyo ya pili. Mtetezi wa filamu anaweza kusema kwamba tawasifu yenyewe haikuieleza safari hiyo kwa urefu, na kwamba fedha zilikuwa adimu: ilibidi watu weusi mashuhuri, wakiwamo Oprah Winfrey na Michael Jordan, watoe zao ili kazi ikamilike. Hoja hizi zina uzito, lakini hazitoshi. Filamu ilipata njia ya kufika Makka, ilipata njia ya kufika Misri, na ilipata njia ya kufika Afrika Kusini. Kilichokosekana si nauli.

Mwishoni, Nelson Mandela, aliyetoka gerezani tarehe 11 Februari 1990, anasimama katika darasa la Soweto akiwa mwalimu, na watoto wanainuka mmoja mmoja wakidai kwamba wao ndio Malcolm X. Onyesho hili lina mvuto mkubwa. Pamoja na hayo, mhakiki hana budi kuuliza ni nani anayemfunza nani. Malcolm wa mwaka 1964 alikuja Afrika kutafuta washirika na kujifunza siasa ya mataifa machanga. Afrika ya filamu ni darasa. Inapokea jina lake na kulikariri. Mshirika amegeuzwa mwanafunzi. Kwa msomaji wa Kenya jambo hili si dogo, kwa kuwa Malcolm aliitaja Mau Mau kwa fahari huko Harlem wakati ambapo nchini Kenya sheria ya kikoloni iliyoipiga marufuku ilikuwa haijafutwa, na haikufutwa hadi mwaka 2003.

Onyesho hilo hilo lina mshono unaoonekana. Mandela anayakariri maneno ya Malcolm kuhusu haki ya kuheshimiwa kama binadamu, lakini hayatamki yale ya mwisho, kwamba haki hiyo itatafutwa kwa njia yoyote itakayohitajika. Alikataa kuyasema, na filamu ikalazimika kumwita Malcolm halisi, katika picha za zamani, ayamalize mwenyewe. Hapa sanaa imeshinda nia ya msanii. Utendi ulitaka sauti moja. Historia ilileta mbili zisizokubaliana, na filamu ilikuwa na uaminifu wa kutoficha ufa.

Fasihi na hukumu

Suala la ukweli lina upande wa pili. Mwaka 1966 mahakama iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya Malcolm. Mmoja wao, aliyekiri kushiriki, alisema tangu mwanzo kwamba wenzake wawili hawakuwa na hatia, na katika miaka ya 1970 akatoa hati za kiapo zilizoeleza kundi tofauti. Filamu haikuifuata hukumu ya mahakama. Ilifuata maelezo hayo. Mwezi Novemba 2021 mahakama ya New York ilifuta hatia ya Muhammad Aziz na Khalil Islam, huyu wa pili akiwa tayari ni marehemu. Kwa hiyo kazi ya kubuni iliwahi kuikaribia haki karibu miaka 30 kabla ya sheria. Anayedai kwamba filamu ya wasifu haina dhamana kwa ukweli kwa sababu ni sanaa, na aulize wawili hawa.

Hitimisho

Ushahidi huu ndio unaofanya upungufu uliotajwa kuwa mzito. Mwongozaji aliyeweza kuihoji hukumu ya mahakama hakushindwa kuihoji ramani ya safari. Filamu ya Malcolm X inabaki kazi kubwa, na hakuna mwanafunzi wa fasihi linganishi anayepaswa kuipita. Lakini isomwe sambamba na kitabu, na kitabu kisomwe sambamba na kumbukumbu za Oktoba 1964 ambazo ziko Dar es Salaam na Nairobi kama zilivyo Harlem. Utendi humkamilisha shujaa ili asifiwe. Tawasifu ya Malcolm X ilimwacha njiani, akiwa bado anabadilika, na baadhi ya njia hiyo ilipita huku.